Mama Luka, Tufungie kwa Sala

Bahi, 12 Septemba 2024

Mwalimu wangu Mwajabu,

Usishtuke kuona barua enzi hizi za simu. Nimekupigia wiki nzima nikaambulia "halo, halo", halafu upepo. Luka kaniambia huko kwenu milimani mtu hapati mtandao mpaka apande kilima, nawe utapandaje kilima na mgonjwa yuko ndani? Basi barua hii naipeleka kwa Luka, gereji kwake Kizota, naye atamkabidhi Abubakari, yule kondakta wa basi la Kondoa. Ukijibu, mpe huyohuyo.

Mama anaendeleaje? Kiharusi si mafua, najua, baba yangu kilimlaza muda mrefu. Mgeuze mara kwa mara asipate vidonda, na usimkatie tamaa.

Sasa sikia kituko. Wamenichagua kuwa mjumbe wa Bodi ya Shule! Mimi! Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama kuuliza kwa nini uji wa watoto siku hizi ni maji matupu, baba mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mwenye mdomo ndiye awe mwakilishi wetu!" Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, ikaisha hivyo. Sasa nitakaa meza moja na Mchungaji Methusela mwenyekiti, na wale wazee wa kanisa wenye makoti, na maji ya chupa mbele yangu. Nguo ya kuvaa nimeshaipeleka kwa fundi.

Lakini hilo peke yake lisingenifanya nishike kalamu. Nilipokwenda kuchukua barua ya uteuzi, Mwalimu Mkuu Yotham aliniambia kwamba kuanzia Januari kila mwalimu wa darasa ataongoza mwenyewe ibada ya asubuhi darasani kwake, na jambo hilo litaletwa kwenye bodi. Nikamuuliza, "Na Mwalimu Mwajabu je, ambaye ni Mwislamu?" Akaanza kupanga chaki mezani. Chaki, Mwalimu! Mtu mzima anapanga chaki.

Usiwe na wasiwasi. Hakuna mzazi hapa asiyejua ni nani aliyewafundisha watoto wetu kusoma. Watoto wa Luka wakubwa wote wamepita mikononi mwako, amebaki Devota, kitinda mimba, anaingia Darasa la Kwanza Januari. Ameshawatangazia wenzake wa awali kwamba mwalimu wake ni wewe. Mimi nikiwa ndani ya bodi hiyo, nafasi yako haiguswi. Uguza mama, Januari urudi.

Mama Luka (siku hizi Mjumbe)


Kondoa, 21 Septemba 2024

Shikamoo Mama Luka,

Au nikuite Mheshimiwa? Hongera sana. Nilicheka mpaka mama akataka kujua kuna nini, nikamsomea, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo ambao bado unaweza. Maneno yake yanatoka kwa shida, ila ya kunigombeza yanatoka safi kabisa. Mkono na mguu wa kulia bado. Namlisha, namwogesha, na jioni tunamtoa nje aone mbaazi zake zinavyoliwa na mbuzi wa jirani, ili apate mtu mwingine wa kumgombeza.

Hilo la ibada nilikuwa nalijua, sikutaka tu kukusumbua. Siku naondoka, Mwalimu Yotham aliniita ofisini akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe huwezi kuomba?" Nikamjibu, "Mbona naomba mara tano kwa siku?" Hakucheka. Nikajua kuna jambo.

Wewe unajua tulivyofanya miaka yote hii. Asubuhi nachagua mtoto mmoja aongoze sala, mimi nasimama mlangoni nimeinamisha kichwa, nimenyamaza. Wakisema Amina tunaanza herufi. Hakuna aliyelalamika, si mchungaji, si mzazi, wala masheikh wa kwetu. Watoto niliowafundisha kusoma, kitabu cha kwanza wanachosimama kusoma mbele za watu ni Biblia, kanisani kwenu, na wazazi wao huja kuniambia walivyosoma vizuri. Nami hufurahi. Sijawahi kuona ajabu.

Ruhusa yangu inaisha Desemba. Mdogo wangu Naima atatoka Kibaigwa aje akae na mama, mimi nirudi kazini. Nataka kurudi, Mama Luka. Mume wangu kazikwa hapo Bahi, na alipofariki ni shule hiyo iliyonisimamisha, ni ninyi mliokuja kunifungulia mlango nikiwa sitaki kutoka. Nikiitwa kitu kingine badala ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza, sijui kama nitaitika.

Kwa hiyo kama unaweza kunisemea, nisemee. Na kama haiwezekani, niambie mapema nijue. Sikuombi zaidi ya hapo.

Mwajabu


Bahi, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Mwambie mama mbuzi wa jirani dawa yake ni kumla.

Kikao cha bodi kimepangwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Nimeanza kupita kwa wajumbe mmoja mmoja, nikijifanya nauliza habari za mpunga. Mzee Bartolomayo, yule mzee wa kanisa mwenye mashine ya kukoboa, kasema, "Mwajabu? Kamfundisha mjukuu wangu aliyeshindikana shule mbili. Nani anataka kumtoa?" Wa pili naye kasema hivyohivyo. Hata mke wa Mchungaji kaniambia kwao wanakupenda. Nimemtafuta anayetaka uondoke nimemkosa. Ndiyo maana nina matumaini.

Sasa nina wazo, na usikasirike. Kwani ukiisoma hiyo sala kwenye karatasi utapungukiwa nini? Nikuandikie mimi, fupi, mistari minne. Unasoma, watoto wanasema Amina, unaingia kwenye herufi zako. Au ujiandikishe tu kwenye darasa la ubatizo, ukae benchi la nyuma, huko wapo watu wanakaa miaka na maji hayajawagusa. Mungu anaangalia moyo. Tunao Wakristo wetu wengi tu wanaosali kwa mdomo mtupu, na kazi zao wanazo.

Fikiri, halafu unijibu kabla ya kikao.

Mama Luka


Kondoa, 15 Oktoba 2024

Shikamoo,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya pili nilikaa chini kwanza.

Najua umeandika kwa kunipenda, ndiyo maana sitasema mengi. Nikuulize wewe: ukiambiwa usimame msikitini usome shahada kwenye karatasi, mistari miwili tu, ili wasikunyang'anye jaruba lako la mpunga, utasoma? Jibu ninalo, maana nakujua. Karatasi ungeitupa, na aliyekuletea angekimbia. Sasa kwa nini mimi ndiye nionekane imani yangu ni nguo ya kuazima, naivua na kuivaa?

Na ningekuwa nimewakosea heshima ninyi pia. Sala yenu si mchezo. Niliposimama pale mlangoni kimya, nilikuwa nawaheshimu. Nikiisoma kwa uongo nitakuwa nawacheka.

Basi, limekwisha, sina kinyongo.

Lipo lingine. Mwalimu Habibu, mkuu wa shule moja ndogo jirani na hapa, anatafuta mwalimu wa Darasa la Kwanza kuanzia Januari. Amenijia mwenyewe nyumbani, akakaa na mama, akaleta asali. Anataka jibu kabla ya Novemba kuisha, kwa sababu kuna binti mwingine anayeiomba nafasi hiyo. Nimemwambia anisubiri. Roho yangu iko Bahi, lakini siwezi kukataa mkeka huu kabla sijajua kama ule wa kule bado umetandikwa.

Kikao kikiisha niandikie neno moja. Nirudi au nisirudi.

Mwajabu


Bahi, 4 Novemba 2024

Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!

Pole kwa lile la karatasi. Umenipiga kofi, na nilistahili. Nisamehe mimi mzee.

Sasa kaa nikuhadithie. Nilivaa nguo yangu mpya. Nikafika wa kwanza, nikakaa karibu na mwenyekiti nisije nikaambiwa sikuonekana. Maji ya chupa yalikuwepo kweli. Agenda zikaenda: choo cha wavulana, uji, ukuta wa upande wa barabarani. Ya tano ikawa "Kupokea taarifa ya walimu wa madarasa na ibada ya asubuhi". Mwalimu Yotham akasoma kile alichoandika, haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Kwamba ni maelekezo ya wenye shule kule mjini, kila mwalimu wa darasa aongoze ibada, na asiyeweza shule itaachana naye kwa amani. Jina lako halikutajwa.

Mchungaji akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikasimama, Mwalimu. Nikawaambia yote. Nikasema huyu mama kawafundisha watoto wetu kusoma Neno la Mungu, leo tumwambie hafai kusimama nao asubuhi? Nikasema mtoto wa mwenyekiti mwenyewe alikuwa hashiki hata kalamu. Nikasema nani kati yetu alisikia mtoto yeyote akiharibikiwa kwa sababu mwalimu alisimama mlangoni akanyamaza? Halafu Mzee Bartolomayo akasema, "Mama kasema kweli." Na mwingine, "Kweli kabisa." Mchungaji akavua miwani akaifuta, akasema, "Tumekusikia, Mama Luka. Umesema vizuri sana." Hakuna hata mmoja aliyenipinga! Hata mmoja! Tukaingia kwenye mengineyo.

Na si hayo tu. Kumalizia, Mchungaji akaangalia meza nzima, wazee wote wale, akasema, "Mama Luka, tufungie kwa sala." Mimi, mgeni wa kikao cha kwanza! Nikaelewa kwamba maneno yangu yamewaingia. Nikaomba, Mwalimu, nikaomba mpaka mwenyewe nikajisikia. Nikamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nikamwambia yote tuliyoyazungumza na kuyaamua tunayaweka mikononi mwake, ayabariki na kuyathibitisha. Wakasema Amina kwa sauti moja. Nje Mchungaji akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Uliniambia neno moja. Haya: rudi.

Mama Luka


Kondoa, 13 Novemba 2024

Shikamoo Mama Luka,

Nimelia. Si kwa kurudi tu, bali kwa kuwa kuna mtu alisimama kati ya wazee akanisemea nikiwa sipo. Hata nisipolipwa kitu kingine na dunia hii, hilo nimelipwa.

Ila mimi ni mwalimu, nina ugonjwa wa kusahihisha. Nimetafuta kwenye barua yako mahali bodi ilipoamua, sijapaona. Umeniandikia walivyokusifu. "Tumekusikia" hata mimi huwaambia watoto wanaotaka kwenda nje, halafu hawaendi. Je, Mwalimu Yotham aliandika nini? Yeye ndiye katibu. Nakuomba uende ofisini uangalie muhtasari, uone agenda hiyo imeandikwaje, halafu uniambie ilivyo. Usinifiche hata kama ni mbaya.

Mwalimu Habibu kaja tena jana. Nimemwambia mpaka mwisho wa mwezi. Ni mtu mwema na namwonea aibu.

Mama amekaa mwenyewe leo bila kushikwa.

Mwajabu


Bahi, 24 Novemba 2024

Mwalimu wangu,

Barua yako imechelewa kidogo, basi lilikwama njiani. Hongera kwa mama kukaa! Mungu ni mwema. Huku mawingu yamefunga lakini mvua bado, watu wanatengeneza majaruba wakiangalia juu. Luka kanunua pikipiki mbovu anadai ataifufua.

Muhtasari nimeuona. Kuna maneno mawili matatu hayajakaa sawa, ni uandishi tu, unajua mambo ya makatibu. Nalishughulikia. Nimeshaonana na Mchungaji, na wiki ijayo naenda mjini kwa wenye shule. Subira yavuta heri. Huyo Habibu asikutie haraka. Nafasi yako ipo.

Mama Luka


Kondoa, 12 Desemba 2024

Shikamoo,

Mwalimu Habibu nilimwambia hapana. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Novemba, nilimsindikiza mpaka barabarani, akasema yule binti ataanza Januari, na anatuombea heri wote. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilimwimbia mama.

Jumatatu iliyopita Abubakari akaleta bahasha ya shule. Nanakili, nisije nikasema nimeota: "Kufuatia uamuzi wa Bodi ya Shule, uliofikiwa kwa kauli moja na wajumbe wote waliohudhuria, tunasikitika kukutaarifu kwamba ajira yako itakoma tarehe 31 Desemba. Shule inakushukuru na itakukumbuka katika sala." Muhtasari umeambatanishwa. Chini kabisa wamekuandika wewe, kwa jina lako la ubatizo: "Kikao kilifungwa kwa sala na mjumbe Mama Lydia, ambaye aliomba Mungu ayathibitishe maamuzi yote ya kikao."

Uliuona muhtasari huu, Mama Luka. Uliuona tarehe ya barua yako ya Novemba, au kabla yake. Maneno mawili matatu hayajakaa sawa!

Nilikuomba kitu kimoja, uniambie mapema. Sikukuomba ushinde.

Mwajabu


Bahi, 20 Desemba 2024

Mwanangu,

Sijui nianzie wapi, na hapa naandika kwa sababu kukaa kimya nako nimeshindwa.

Ndiyo, niliuona. Nilikwenda ofisini nikatabasamu, nikamwomba Mwalimu Yotham anisomee agenda ya tano. Akasoma "wajumbe wote waliafiki". Nikamwambia, "Mimi sikuafiki, nilisimama nikasema." Akasema, "Mama, uliyosema nimeyaandika. Hapa: 'Mama Lydia alimpongeza mwalimu anayeondoka kwa kazi nzuri.'" Mwalimu, maneno yangu yote yale, wameyafanya kuwa ya kukuaga!

Nikatoka mbio kwa Mchungaji. Nikamkuta anachambua mtama na watoto wake. Nikamwambia kauli moja imetoka wapi wakati sisi hatukupiga kura? Akasema bodi yetu haipigi kura, haijawahi, watu wa Mungu hawagawanyiki mikono juu mikono chini. Asiyekubali hukataa kuomba. Ndivyo ilivyo tangu shule inaanza, akasema, anayekuwa na shaka husema "mwachieni mwingine aombe", hapo kikao kinajua jambo halijaiva, linarudishwa. "Nilikupa wewe makusudi, Mama Luka. Nilijua una uchungu. Nilikupa nafasi ukatae. Wewe ukaomba, tena ukaomba vizuri, ukamwambia Mungu athibitishe. Tukasema Amina. Nilidhani Roho amekutuliza."

Mimi nitajuaje? Nani aliniambia? Kwetu ukiambiwa omba, unaomba! Tangu utoto sijawahi kukataa kuomba, hata kwenye msiba wa mtu niliyegombana naye. Na yale maneno ya mwisho hata sikuyafikiri, ndivyo tunavyofungaga. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Nikamwambia basi turudie. Akanitazama na macho yamejaa machozi, si utani, akasema, "Nani atakwenda kumwambia Mungu tumebadili mawazo? Na hata tukirudia, mama, maelekezo yametoka juu. Bodi inashauri tu."

Ndipo nikapanda basi kwenda mjini kwa wenye shule. Nilikaa benchi la nje tangu asubuhi, mwishoni akatoka kijana mmoja mwenye tai, mpole, akaniletea chai. Nikamweleza. Akasema, "Mama, sisi tulitoa pendekezo tu. Mwenye kuamua ni bodi yenu. Bodi ingesema haiafiki, sisi tungesikiliza. Lakini mmesema kwa kauli moja, sasa sisi tutawapingaje?" Nikamwambia bodi inasema ni ninyi. Akasema, "Ndiyo, na sisi tunasema ni wao," akanionea huruma kweli. Nikanywa chai yake nikarudi Bahi.

Ile barua fupi ya mwisho wa Novemba niliiandika nikiwa nimeshatoka kwa Mchungaji. Nilijua hali ni mbaya. Nikajidanganya kwamba nikienda mjini nitaigeuza, halafu nikuandikie habari njema tu. Niliona aibu, Mwalimu. Nilishakuandikia "rudi" kwa mbwembwe zote zile, nitafutaje? Habibu sikumfikiria. Nasema kweli, sikumfikiria, nilijifikiria mimi.

Januari naitisha wazazi. Hawa wakigoma hakuna shule. Nipe nafasi hiyo moja.

Mama Luka


Bahi, 19 Januari 2025

Mwanangu Mwalimu,

Hujanijibu, na sikulaumu. Nakuandikia tu ujue.

Wazazi walikuja Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa. Walijaa, wengine walikaa kwenye tofali nje. Niliwaambia kila kitu, hata la sala niliwaambia, wakaguna. Wanaume walisimama wakanguruma. Mama mmoja alilia akasema wewe ndiye uliyegundua mwanawe haoni vizuri. Mchungaji alikuja, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza mtu. Nikauliza, "Nani hatamleta mtoto wake Jumatatu mpaka Mwalimu arudishwe?" Mikono yote juu. Yote! Nililala nikiimba.

Jumatatu asubuhi nikasimama njiani nione. Akapita wa kwanza na watoto wake wawili, akanisalimia akiangalia chini. Akapita wa pili, akasema, "Mama Luka, nimpeleke wapi sasa? Ile shule nyingine watoto wanakaa mia darasani." Akapita Mzee Bartolomayo na mjukuu begani. Ilipogonga kengele mstari ulikuwa umejaa kama siku zote, na waliobaki nje tulikuwa mimi na Devota, amevaa sare mpya, soksi zimevutwa mpaka magotini. Akaniuliza, "Bibi, sisi tumechelewa?"

Nikampeleka. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Mwalimu wa sasa ni binti mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo. Nilitaka kumchukia. Akachuchumaa akamfunga Devota kamba ya kiatu, akamwuliza jina lake. Nimeshindwa kumchukia. Devota jana kaniambia anampenda. Nilimwambia vizuri.

Nimeandika barua ya kujiuzulu bodi. Mwalimu Yotham kaipokea, kasema lazima ijadiliwe kwenye kikao kijacho, na lazima niwepo, bila mimi wajumbe hawatimii. Kaniomba nifungue kwa sala. Nimemwambia siombi. Akasema, "Sawa mama, kufungua si lazima uwe wewe," akamwandika mwingine. Ona nilivyojifunza kukataa, na safari hii halikuwepo la kukataa.

Niambie nifanye nini. Chochote. Niandikie hata matusi.

Mama Luka


Kondoa, 2 Februari 2025

Shikamoo Mama Luka,

Barua zako mbili ninazo. Ya Desemba sikuijibu kwa sababu kila nilichoandika sikutaka ukisome.

Nimekusamehe. Ya sala sikuwa nimekulaumu hata siku moja, ningekuwa mimi na kwetu ningeomba vilevile. Ile barua fupi ndiyo iliyonikaa, lakini nayo nimeiachia. Wazazi usiwalaumu. Devota ulifanya vizuri kumpeleka, mtoto hasubiri. Na huyo binti, kama anachuchumaa kuwafunga watoto viatu, atakuwa mwalimu. Mwambie wale wa benchi la mbele wasikae karibu na dirisha, hawasikilizi.

Naima alikuja Januari kama tulivyopanga. Akakaa siku chache, akaona mimi sina pa kwenda, akarudi Kibaigwa kwenye mahindi yake. Sasa niko hapa, nalima mbaazi na mama. Shule ya Mwalimu Habibu naiona kutoka shambani. Asubuhi nasikia wanavyotamka silabi, na yule binti anawaruhusu waziimbe, jambo ambalo mimi siruhusu.

Mama sijamwambia. Nimeshindwa. Anachojua ni kwamba likizo yangu imeongezwa. Shida ni kwamba kila basi la Abubakari likipiga honi pale chini, ananyanyua ule mkono mzima, anasema, "Wamekuita." Nikirudi na bahasha yako mkononi, uso wake unafunguka wote, hata ule upande uliokufa naona kama unataka kufunguka. Ananiambia nifungashe. Ananiambia yeye amepona, nisimkalie hapa wakati watoto wa watu wananisubiri. Hii ya mwisho ilipofika, alinilazimisha nipige pasi sketi zangu za kazi. Nikazipiga, naye amekaa anaangalia, nikazikunja nikaziweka sandukuni.

Kwa hiyo nakuomba, Mama Luka, usiniandikie tena.

Mwajabu